Nimekata Yote

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Pilipili alitoka nyuma ya nyumba na kopo lake la kumwagilia, akahesabu. Alihesabu kwa kidole, kuanzia upande wa ukuta hadi upande wa mawe: mmoja, miwili, mitatu, mpaka ishirini na minne. Hesabu ikitimia, siku yake ilianza vizuri, hata kama chai ilikuwa haina sukari.

Jina lake la shuleni lilikuwa refu na zuri, lakini mtaani halikutumika. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mwembamba, mfupi, na mwepesi wa kuwaka. Wakubwa walipenda kumtania, "Pilipili usiyoila yakuwashiani?" Naye alikuwa na jibu lake tayari: "Nile uone."

Miche ile ya nyanya ilikuwa jasho lake mwenyewe. Mama yake alikuwa dobi, na uwanja wa nyuma ndio uliokuwa mahali pake pa kazi: mabeseni matatu, jiko la kuchemshia maji, meza ya kupigia pasi, na kamba mbili za kuanikia nguo za watu. Kilichobaki kilikuwa kipande kidogo cha pembeni, kimejaa mawe na vigae, ambacho hata kuku walikipita bila kukitazama. Pilipili alikiomba. Kwa majuma matatu aliondoa mawe, moja moja, akayapanga mstari kuwa mpaka kati yao na jirani. Akalima kwa jembe lenye mpini uliolegea, akachanganya udongo na maganda ya jikoni yaliyooza, akainua tuta. Mbegu alizitoa katika nyanya moja iliyoiva kupita kiasi, akazianika juu ya gazeti, akazisia katika karai bovu. Miche ilipokaribia shibiri, akaihamishia kwenye tuta jioni moja ya mawingu, dhiraa moja kati ya mche na mche, akiushika kila mmoja kama mtu anayeshika kifaranga.

"Sikiliza, mwanangu," mama yake alimwambia siku ile, midomo yake imebana vibanio viwili vya nguo. "Nakuachia kipande hicho mpaka mwisho wa muhula. Lakini ikibaki miche chini ya kumi, nasimika nguzo, nafunga kamba ya tatu, na habari ya nyanya imekwisha. Mashuka ya watu siwezi kuyaanika hewani."

"Hata mmoja hautakufa, mama."

"Haya. Maneno ni yako, usije ukayameza."

Ng'ambo ya mawe aliishi Mzee Ngurumo. Kazi yake ilikuwa kukata majani, kwenye viwanja vya shule na kwenye nyua za watu. Mashine yake zamani ilikuwa nyekundu. Sasa ilikuwa na rangi ya kutu na viraka. Aliiwasha kwa kuvuta kamba, nayo ikakohoa kama mtu aliyepaliwa na chai, ikatema moshi, halafu ikanguruma mpaka vikombe vikatetemeka kabatini. Miaka ya kuisukuma ngurumo ile ilikuwa imemla masikio. Ukimsalimu alijibu, "Eti nini?" Na yeye mwenyewe aliongea kana kwamba kila mtu yuko ng'ambo ya mto.

Jumatano jioni alikata majani ya uwanja wake. Pilipili aliisikia mashine akiwa ndani anafanya hesabu za shule, wala hakujali.

Alhamisi asubuhi alihesabu, akafika kumi na mitano.

Alirudia tangu mwanzo. Kumi na mitano. Akachuchumaa. Miche tisa ilikuwa imelala chini, shina limetenganishwa na mzizi, safi kabisa, kana kwamba imepitiwa na kisu. Na juu ya tuta zima, juu ya iliyosimama na iliyoanguka, yalikuwa yametapakaa majani mabichi yaliyokatwakatwa na mashine.

Damu ilimpanda kichwani. Aliinua macho. Ng'ambo ya mawe Mzee Ngurumo alikuwa ameinama juu ya mashine yake, imeshawaka, inakohoa tayari kwa safari. Pilipili alisimama kwenye mpaka. Hata salamu hakutoa.

"Ni wewe uliyekata yangu?" alipiga kelele.

"Eti nini?"

"Yangu! Umekata yangu?"

Uso wa Mzee Ngurumo ulichanua tabasamu. Aliinua kidole gumba. "Ndiyo, mwanangu! Nimekata yote! Mpaka ya kwenu! Usinishukuru, jirani ni jirani!"

Kisha akaishika mikono ya mashine na kuondoka nayo, akisindikizwa na moshi, huku anapiga mluzi.

Pilipili alibaki amesimama, kopo mkononi, maji yakimchuruzikia vidole vya miguu. Kwamba mtu amekata miche yake, hilo lilikuwa jambo moja. Kwamba amekiri huku anacheka, halafu akaongeza "usinishukuru," hilo lilikuwa jambo jingine kabisa. Hakulia. Kilio kilipanda hadi kooni, kikakuta hasira imekaa pale, kikarudi.

Shuleni hakusikia somo. Katika ukurasa wa nyuma wa daftari alichora mashine, akaichora tena, na kila alipomaliza aliifuta kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka. Jirani yake wa dawati, msichana aliyeitwa Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia, aliinamisha shingo kuchungulia.

"Hiyo nini? Mbuzi?"

"Mashine ya kukata majani."

"Mbona ina pembe?"

"Ndivyo ilivyo." Pilipili akamsimulia kwa kunong'ona, tangu kuhesabu hadi "usinishukuru."

Redio alishika kifua. "Na akacheka?"

"Akacheka. Akapiga na mluzi."

"Ningekuwa mimi," alisema Redio, "ningemtilia chumvi kwenye chai. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Wewe anakukatia, na wewe mkatie."

"Yeye hana miche. Nitamkatia nini?"

"Kila mtu ana kitu anachokipenda," alisema Redio, na kwa kuwa mwalimu aligeuka, akanyamaza kwa mara ya kwanza siku ile.

Maneno yale yalimkaa Pilipili kichwani kama kibanio kwenye kamba. Kila mtu ana kitu anachokipenda. Njiani kurudi nyumbani aliyatafuna polepole, nayo yalikuwa matamu. Alijiona amesimama kwenye mpaka, Mzee Ngurumo amepiga magoti, naye Pilipili anainua kidole gumba na kusema, "Usinishukuru." Alilipenda wazo lile kiasi kwamba alilirudia tangu mwanzo, mara tatu, kama mtoto anayerudia kuramba kijiko.

Alasiri ile mashine ilikuwa imeegeshwa chini ya kibanda cha mabati ng'ambo ya mawe, bado ina joto. Kidumu cha petroli kilikuwa kando yake, kitupu. Kutoka ndani ilisikika sauti ya Mzee Ngurumo akizungumza na redio yake ya betri kana kwamba inamsikia. Mama yake Pilipili alikuwa amekwenda kupeleka nguo.

Pilipili aliruka mawe na kopo lake la kumwagilia. Kopo lilelile. Alifungua kifuniko cha tangi, harufu ya petroli ikamkaba pua, akataka kukifunga tena. Akakumbuka mluzi. Akainua kopo.

"Umeinyima miche yangu uhai," aliiambia mashine kwa sauti ya chini. "Haya, nywa wewe maji yake."

Akamimina mpaka tangi likajaa hadi mdomoni. Akafunga kifuniko, akakifuta kwa pindo la sketi, akarudi kwao. Usiku ule alilala usingizi mzito, kama mtu aliyemaliza kazi ngumu.

Asubuhi ya Ijumaa aliamka mapema makusudi. Hakwenda kuhesabu. Alisimama mlangoni na mswaki mdomoni, akahesabu kitu kingine: Mzee Ngurumo alivuta kamba. Mara moja. Mara kumi. Mashine haikukohoa hata kidogo. Mara ishirini. Mzee alishika kiuno, akajinyoosha, akavuta tena. Mara thelathini na moja. Alivua kofia, akaitazama mashine kama mtu anayemtazama ng'ombe wake ameanguka.

Pilipili alitema povu la dawa ya meno. Alitarajia utamu wa jana. Ulikuja, lakini ulikuwa mdogo kuliko alivyokadiria, na ulikuwa na ladha ya povu.

Ndipo akaenda kwenye tuta. Nane, tisa, kumi... hapana. Alihesabu tena. Kumi. Miche mitano mingine ilikuwa imelala, imekatwa vilevile, shina mbali na mzizi.

Mtu mwenye kichwa kilichopoa angejiuliza: mashine imelala kibandani, imejaa maji, imekata vipi? Lakini kichwa cha Pilipili hakikuwa kimepoa. "Amekuja kwa mkasi!" aliwaza. "Amejua ni mimi, amekuja kulipiza kwa mkasi!" Na palepale akaapa kulipiza malipizo yale. Jioni angechukua mkasi wa mama yake, ule wa kukatia nyuzi za vifungo, akate kamba ya kuwashia mashine vipande vipande.

"Mama asijue tu," aliwaza, maana sasa ilikuwa imebaki kumi, na ukianguka mmoja zaidi, nguzo itasimikwa.

Alipotoka shule hakuvua hata sare. Alichukua mkasi mezani, akauficha nyuma ya mgongo, akaruka mawe.

Mbele ya kibanda alikuwa amechuchumaa mwanamke wa makamo mwenye ovaroli na penseli nyuma ya sikio. Mtaa mzima ulimwita Fundi Spana. Alitengeneza jenereta, baiskeli na pampu za maji, na sasa alikuwa amefungua matumbo ya mashine na kuyapanga juu ya gunia, kila skrubu mahali pake. Mzee Ngurumo alisimama kando yake, mkono kiunoni, akiwa amevimba.

"Aa, binti," alisema Fundi bila kugeuka sana. "Huo mkasi unaochungulia nyuma yako ndio ninaoutaka. Lete nikate gasketi hii ya karatasi ya kuzibia kiungo."

Pilipili alimpa. Hakujua afanye nini kingine.

"Sasa shika chupa hii, sawasawa, mbali na uso wako. Mzee, lile jiko la mkaa nimesema lihamishwe."

"Eti nini?"

"JIKO!"

"Nimeshalihamisha!"

Fundi alitoa mpira mwembamba, akaelekeza yaliyokuwa kwenye tangi yashuke ndani ya chupa ya jamu aliyoishika Pilipili. Yalitulia taratibu, yakagawanyika mbele ya macho yake: juu umanjano wa petroli, chini maji meupe, na kati yao mstari ulionyooka kama ule wa mawe yake ya mpakani.

"Umeona?" Fundi alisema. "Petroli na maji hawakai chumba kimoja. Haya ndiyo yaliyojaa kwenye kabureta, kinywa cha injini. Hata ungevuta kamba mpaka mwakani isingewaka."

"Ni yule msichana!" alinguruma Mzee. "Yule wa kituo cha mafuta! Jana baada ya kazi nimemalizia kidumu nilichonunua kwake, na leo mashine imekufa. Amechanganya na maji! Zahanati wamenipa kazi ya kujaribiwa, Fundi. Uwanja wote ukatwe kesho kabla ya saa nne, na nikishindwa kazi ya mwaka mzima anapewa mwingine. Mgongo huu hauwezi tena kufyeka kwa mkono! Lakini na yeye leo atanijua. Naenda kwa bosi wake sasa hivi. Jioni hiihii atavua lile shati lao la njano, akae nyumbani aonje!"

Alichukua kofia yake msumarini.

Pilipili alitazama nyuma, ng'ambo ya mawe. Kwenye kamba ya pili ya mama yake, kati ya mashuka, lilikuwa linapepea shati la njano lenye mfuko mmoja kifuani. Alilijua shati lile. Kila Ijumaa yule dada alilileta lina madoa ya mafuta, akamwambia mama, "Dobi wangu, niokoe, kesho mchana nina zamu." Siku moja alimletea Pilipili kalamu iliyookotwa kituoni.

Aligeuka kwa ghafla na chupa mkononi, na ule mstari ulionyooka ukavurugika.

"Ni mimi," alisema.

Mzee Ngurumo alikuwa anavaa kofia. "Eti nini?"

"Ni mimi niliyetia maji."

"Sema kwa sauti, mwanangu, masikio yangu yameliwa na hii mashine!"

Pilipili alivuta pumzi. Alijua kwamba sauti ya kumfikia Mzee ingemfikia kila mtu. Alijua mama yake yupo nyuma ya mashuka anaanika. Lakini Mzee alikuwa ameshapiga hatua ya kwanza kuelekea barabarani.

"NI MIMI, BABU! NIMETIA MAJI KWENYE TANGI! SI YULE DADA! NI MIMI!"

Shuka moja lilisogezwa pembeni. Uso wa mama ulitokeza, vibanio mdomoni. Kimoja kikaanguka.

Mzee Ngurumo aliivua kofia polepole. Kwa mara ya kwanza Pilipili alimsikia akizungumza kwa sauti ya chini, kama watu wengine. "Wewe? Kwa nini?"

"Kwa sababu ulikata miche yangu!" Kilio kilichorudishwa jana kilipata njia sasa, kikatoka chote. "Miche tisa, halafu mitano! Nilikuuliza, ukasema mwenyewe, nimekata yote, mpaka ya kwenu, usinishukuru! Ukacheka!"

Mzee alimtazama Fundi, Fundi akamtazama Mzee.

"Majani!" alisema Mzee. "Nilimaanisha nimekata majani! Majani yote, mpaka majani ya kwenu yale yaliyoota upande wa pili wa mawe! Nilidhani umekuja kunishukuru!"

Majani yote. Miche yote. Majani ya kwenu, miche ya kwenu. Pilipili alikumbuka daftari lake la shule. Mara ngapi mwalimu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu daftarini mwake, *Yote nini? Taja jina*? Na yeye mwenyewe alikuwa ameuliza "yangu," basi, bila kusema yangu nini.

Mama alikuwa ameshavuka mawe. Hakumshika sikio, ingawa mkono wake ulielekea huko. "Kama si wewe, mzee wangu," aliuliza, "miche imekatwa na nani?"

"Tukaione," alisema Fundi Spana, akafuta mikono.

Walisimama wote wanne kuzunguka tuta. Fundi aliokota mche mmoja ulioanguka, akauzungusha vidoleni. "Huu haujakatwa na mashine. Kisu cha mashine hakigusi udongo, kinapita juu, na kikipata kitu kinakitafuna vipandevipande. Huu umelala mzima, umekatwa usawa wa ardhi. Na magurudumu je? Yangekuwa yamepita hapa tungeona njia yake."

"Na mkasi?" alinong'ona Pilipili.

"Mkasi gani?" aliuliza Fundi. Mzee alipiga goti kwa shida, akishika kiuno, akachomeka kidole kimoja kwenye udongo kando ya kisiki cha mche. Alifukua kidogo tu, kina cha kucha mbili. Kisha akauinua mkono, na juu ya kiganja chake alikuwa amejikunja kiwavi mnene wa rangi ya majivu, kama pete.

"Huyu hapa jirani yako mbaya," alisema. "Anaitwa sota. Usiku anatoka anakata shina, mchana analala palepale chini ya alichokikata. Hana hata aibu ya kukimbia."

Pilipili aliangalia. Kiwavi alijikunjua, akajikunja tena. Siku mbili alikuwa hapo, kidole kimoja tu chini ya goti lake Pilipili, wakati mwenyewe akichora mashine yenye pembe. Na miche mitano ya leo ilikuwa imekatwa usiku ule aliolala usingizi mzito wa mtu aliyeshinda.

"Na mimi nina langu," Mzee aliongeza, akikuna kidevu. "Mashine inatema majani upande wa kulia. Nimeyamwaga kwenye tuta lako, nikamjengea sota paa. Hilo sikuliona. Nisamehe."

Maneno hayo ndiyo yaliyomchoma Pilipili kuliko yote. Alikuwa amejiandaa kwa ngurumo. "Mimi ndiye wa kuomba," alisema. "Nisamehe, babu. Nimeharibu kazi yako."

"Haijaharibika bado," Fundi alisema. "Nikikausha kabureta na kusafisha plagi, itakohoa kabla ya jua kuzama. Lakini nahitaji mtu wa kunishikia taa, kuosha skrubu, na kwenda kituoni na mzee kuleta petroli safi. Na mtu huyo asinifungulie mdomo."

"Na kesho," alisema mama, "mtu huyohuyo ataamka alfajiri, achukue reki, akakusanye majani ya uwanja wote wa zahanati mpaka la mwisho. Hukumu nyingine nitaifikiria nikipiga pasi, na leo nina pasi nyingi."

Pilipili alishika taa, akaosha skrubu. Jua lilipokuwa linagusa mabati, Mzee alivuta kamba. Mara moja kimya. Mara ya pili mashine ilipaliwa, ikatema wingu jeusi, ikanguruma, na vikombe vikatetemeka kabatini. Hakuna muziki uliowahi kumpendeza Pilipili kama ule.

Kabla giza halijaingia walifukua kuzunguka kila kisiki na kila mche uliosimama. Walipata sota saba, wakawatia kwenye kopo la maji ya sabuni. Kisha Fundi akamrudishia Pilipili mkasi wa mama yake, ule aliokuja nao kukata kamba, akampa chupa tupu za plastiki. "Kata pete, pana kama vidole vinne. Kila mche uvalishe moja, nusu ndani ya udongo, nusu nje. Sota hana ngazi."

Pilipili alikata pete kumi. Alipokuwa akiuvalisha mche wa mwisho, mama alikuja kuchuchumaa kando yake. Mikono yake ilinuka sabuni.

"Mama," Pilipili alisema bila kumtazama, "imebaki kumi. Kumi si chini ya kumi, sivyo?"

"Kumi ni kumi," mama alijibu. "Nguzo itasubiri." Akagusa pete moja kwa kidole. "Unajua kilichonitisha leo? Si maji kwenye tangi. Ni kwamba ungelipiza kwa mzee, mzee angelipiza kwa yule dada, na yule dada angerudi kwake bila kazi amtafute naye wa kumlipiza. Wote watatu mngekuwa mmeumizana, na sota anaendelea kula. Kisasi hakina macho, mwanangu. Kinampiga aliye karibu. Siku nyingine ukikuta kimekatwa kitu chako, chimba kwanza kwa kidole kimoja. Usipoona mdudu, ndipo uende kuuliza watu. Na ukiuliza, utoe salamu, halafu utaje jina la kitu."

"Redio alisema dawa ya moto ni moto."

Fundi Spana, aliyekuwa anakusanya spana zake ng'ambo ya mawe, aliangua kicheko. "Mwambie huyo Redio aje aseme hivyo mbele ya tangi la petroli!"

Jumamosi, saa nne kasorobo, uwanja wa zahanati ulikuwa umenyolewa kama kichwa cha mtoto mchanga, na Pilipili alikuwa na malengelenge mawili kwenye kila kiganja. Mganga mkuu alitoka nje, akatembea kutoka ukuta hadi ukuta, akamwambia Mzee aje kila mwezi. Mchana Pilipili alipiga pasi shati la njano yeye mwenyewe, kola mara mbili, akalipeleka kituoni. Yule dada alilipokea akacheka, "Leo limenyooka kuliko siku zote, kuna nini?" Pilipili alisema hakuna kitu, akakimbia.

Asubuhi ya Jumatatu alihesabu kabla ya kunawa uso. Kumi. Ng'ambo ya mawe mashine ilikuwa inakohoa, na mtu akaita kwa sauti ya kuvusha mto:

"Mwanangu! Nimekata yote, mpaka ya kwenu!"

Pilipili alisimama wima, akaweka kopo chini, akaikusanya mikono yake mdomoni.

"Shikamoo, babu!" alipiga kelele. "YOTE NINI?"

Mzee Ngurumo alizima mashine ili asikie vizuri kicheko chake mwenyewe.

"Majani!"